Ngozi ya maabara ni ngozi ya nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ana ualbino, na kila tukienda kliniki tunasisitiziwa kofia pana na losheni ya kukinga jua. Majuzi nilisoma kwamba madhara ya jua huchunguzwa kwenye ngozi inayooteshwa maabara. Ngozi hiyo ni ya nani, na yanayoonekana humo yanamhusu mwanangu?
Mama wa watoto watatu, Shinyanga

JIBU: Mama, ni ngozi ya binadamu kweli, ingawa hakuna anayechunwa. Mara nyingi chanzo chake ni vipande ambavyo vingetupwa, kama govi la mtoto aliyetahiriwa hospitalini au ngozi iliyoondolewa katika upasuaji wa titi au tumbo, kwa ridhaa ya mwenyewe au ya wazazi. Seli zake hutenganishwa na kuzalishwa, ufundi ulioshika kasi baada ya mwaka 1975, pale James Rheinwald na Howard Green wa Marekani walipofaulu kuzikuza seli hizo kizazi baada ya kizazi. Kisha hupandwa juu ya kiwambo chenye vitundu vidogo mno, ndani ya kikombe chembamba kuliko kifuniko cha soda, chakula chake cha majimaji kikiwa chini na upande wa juu ukiachwa hewani. Baada ya takriban wiki mbili huwa zimejipanga matabaka, la juu kabisa likiwa la seli zilizokufa na kukakamaa, kama zile zinazobanduka ukijisugua kwa dodoki.

Kipande hicho humulikwa kwa taa ya miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, kwa kipimo maalumu. Aina yake iitwayo UVB huishia zaidi tabaka la juu, ambako hugandisha herufi jirani za DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, na seli iliyoharibika kupita kiasi hujiua. Kwa hadubini utaiona imesinyaa, kiini chake kimekolea. Aina nyingine, UVA, huzama zaidi, kwa hiyo kuichunguza hutakiwa kipande chenye pia tabaka la chini, lenye kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, na seli zinazoitengeneza. Hapo seli hizo hufa, na vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni huongezeka.

Kuhusu mwanao, nakuomba uangalifu. Vipande vingi havina seli za rangi kabisa, ilhali mwenye ualbino anazo. Kilichopungua au kukosekana ni melanini yenyewe, yaani rangi inayoikinga ngozi na jua. Vinafanana naye kwa kukosa kinga hiyo, lakini si picha yake kamili. Tena huishi wiki chache tu, nayo saratani ya ngozi hujengeka kwa jua la miaka mingi.

Havina mishipa ya damu pia, hivyo haviwezi kuiva na kuwa vyekundu. Ndiyo maana namba ya SPF iliyoandikwa kwenye chupa ya losheni, yaani kipimo cha uwezo wake wa kukinga jua, imezoeleka kupimwa kwenye migongo ya watu waliojitolea, kwa kutazama wekundu, ambao husababishwa hasa na UVB. Madhara ya UVA niliyoyataja, yale ya tabaka la chini, yanaweza kutokea bila wekundu wowote, na namba hiyo haiyaelezi vya kutosha. Mkirudi kliniki, uliza kama losheni mnayopewa inazuia UVA pia.