Jibu: Mgodi una nikeli tayari, kwa nini bado wanachoronga?

Mkuu, umeuliza kwa nini mgodi wa chini ya ardhi wenye nikeli uendelee kuchoronga (kutoboa mwamba) kutafuta mbale mpya, yaani mwamba wenye madini. Kwa sababu mbale hupungua kila siku, na kuchimba njia ya kufikia mwamba mpya huchukua miaka. Mbale ya nikeli ya Sudbury, Kanada, iligunduliwa 1883 reli ikijengwa, na hadi leo wanachimba.

Uzuri wa nikeli ya salfaidi (iliyoungana na salfa) ni kwamba hupitisha umeme vizuri. Wataalamu hushusha kifaa cha kupima ishara za umeme ndani ya shimo lililochorongwa. Kikionyesha ishara kali, kuna kitu pembeni, hata kama sampuli za mwamba zilitoka tupu. Shimo lililokosa si hasara kabisa! Ila pirotaiti (madini ya chuma na salfa) isiyo na nikeli nayo hutoa ishara ileile, hivyo lazima wachoronge tena.