Kutoka Chake mpaka Unguja: dakika tisa au nusu saa?

SWALI: Assalaam alaykum. Nataka kumpeleka mama Unguja kwa daktari wa mifupa, hospitali ya Mnazi Mmoja. Goti linamsumbua na bahari haiwezi tena. Mwanangu kapiga hesabu kwenye simu, kapata dakika tisa kwa ndege. Shemeji anasema nusu saa. Nimuamini nani, na ni kilomita ngapi hasa?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Muamini shemeji.

Kutoka uwanja wa ndege wa Chake Chake, Pemba, mpaka uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, ukinyoosha mstari, ni kilomita 125 hivi. Mwanao hesabu kaipata. Alichokosea ni ndege. Dakika tisa ni mwendo wa ndege kubwa za masafa marefu, kilomita 800 kwa saa. Safari yenu mara nyingi hufanywa na ndege ndogo ya pangaboi, ya watu kumi na wawili hivi, na mwendo wake ni kilomita 300 na kidogo kwa saa. Angani ni dakika 25. Ongeza za kuruka na kutua, ndiyo hiyo nusu saa. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, mkija Unguja unawapiga usoni, basi mnaweza kuchelewa dakika mbili tatu. Kurudi Pemba unawasukuma.

Lakini usimpangie mama miadi kwa hesabu ya nusu saa. Mimi nilifanya hivyo. Nilimchukulia marehemu mama miadi ya saa nne asubuhi, ndege ikiwa ya saa tatu. Tukakaa Chake tunasubiri, ikaruka saa nne kasorobo. Tulipofika hospitali zamu yetu imepita, tukaambiwa turudi kesho yake. Mama alikaa kwenye benchi akilishika goti lake, hakusema neno. Bado linaniuma. Nenda siku moja kabla, mlale kwa jamaa.

Kuna na ngazi. Ndege hizi hazina daraja la kuteremkia. Mlangoni kunashushwa vidato vichache, vyembamba. Akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize ule wenye maumivu, na wewe uwe chini yake. Mwambie mfanyakazi wa uwanja mapema kwamba mna mtu wa mkongojo.

Mizigo inapimwa, mara nyingi mwisho kilo 15 kwa mtu, na usishangae na nyinyi wenyewe mkiambiwa mpande mizani. Pakacha la shokishoki la kuwapelekea jamaa, lipime nyumbani kwanza. Na unapokata tiketi, uliza kama ndege inatua kwengine kabla ya Unguja, maana hapo nusu saa haipo tena.

Kutoka uwanjani mpaka Mnazi Mmoja ni kilomita saba au nane tu kwa gari.

Mama mkalishe dirisha la kulia. Mkishauacha mji wa Mkoani, kusini mwa Pemba, ni maji matupu kama robo saa, kisha mbingu ikiwa safi ataiona Mnemba, kisiwa kidogo, kijani katikati ya duara la maji meupe, na baada yake ufukwe wa Matemwe. Mwambie akiiona Mnemba, Unguja imefika.