Kufunga kibaraza Arusha: paa la kioo, polikaboneti au bati? Na milango ya kukunja je?

Mkuu mleta mada, umesema una kibaraza cha nyuma huko Njiro, mita 4 kwa 3, unataka kukifunga kiwe sebule ndogo ya kukaa mnaangalia mlima, juu kioo kitupu kama zile nyumba za Uingereza za YouTube, mbele milango ya kukunja, na hela haitoshi vyote kwa mpigo, uanze na kipi. Mimi nimefunga changu hapahapa Arusha na nikasimamia cha dada yangu Moshi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Hela uliyotenga ya kioo cha juu ihamishie kwenye milango. Juu piga bati na dari ya maana, acha kipande cha kupitisha mwanga, basi.

Sababu ni jua tu mkuu. Wale Waingereza vyumba vyao vya kioo wanavijenga kulifukuzia jua, maana London mwezi Desemba saa sita mchana jua liko kama digrii 15 tu kutoka kwenye upeo wa macho, na hata Juni likipanda mpaka mwisho wake halizidi kama 62. Sasa sisi huku Arusha siku ambayo jua la mchana liko chini kuliko siku zote za mwaka, hiyo hiyo Juni, bado linafika kama digrii 63. Yaani jua letu la chini kabisa ndio jua lao la juu kabisa. Kwetu kinachopigwa mwaka mzima ni paa, sio ukuta, kwa hiyo ukiweka kioo juu mwezi wa kwanza na wa pili utakaa humo ndani kama ndizi zilizofukiwa ziive. Na hata hao wenyewe wengi wanalalamika, kiangazi joto, baridi ikija hakukaliki, mvua ikinyesha hamsikilizani, ndio maana siku hizi wapo wengi wanaotoa lile paa la kioo au plastiki wanaweka paa la kawaida lenye dari.

Kuna na uzito. Kioo kila milimita moja ya unene ni kilo 2.5 kwa mita mraba, sasa kioo cha milimita 10 kwenye mita mraba zako 12 ni kilo 300 hapo hujahesabu fremu. Polikaboneti, ile shiti ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ya matundu ya milimita 10 eneo hilo hilo haifiki hata kilo 25. Zile nguzo zako za paipu zilizobeba bati la zamani usizitwishe kioo bila mtu wa kupiga hesabu. Na kama lazima kioo kiwe juu, kiwe lamineti, yaani vioo viwili vimegandishwa na plastiki katikati, kikipasuka vipande vinabaki vimeshikana. Tempa (kioo kilichokomazwa kwa moto) peke yake juu ya vichwa vya watoto mimi siweki, ikivunjika inamwagika yote chini, vipande vidogo sawa lakini vingi. Umesema mwenyewe una mparachichi pembeni. Parachichi likiiva likaanguka kutoka juu ule mti wenu mrefu, fikiria mwenyewe.

Polikaboneti sio mbaya, ila mafundi wetu wengi wanaifunga kama bati. Kwa dada Moshi fundi aliweka shiti juu chini, upande wenye kinga ya jua ukaangalia ndani, na ile kinga kwa shiti nyingi ipo upande mmoja tu, ule wenye nailoni iliyoandikwa. Haikuchukua muda ikawa njano halafu ikaanza kukakamaa na kupasuka kwenye misumari. Na Moshi unaijua joto lake, wako chini sana kuliko sisi. Vitu vya kumsimamia fundi: nailoni yenye maandishi iangalie mbinguni mpaka siku ya kufunga, matundu yashuke na mteremko na sio kukata, mwisho wa juu uzibwe na tepu ya alumini na wa chini tepu ile inayopumua, la sivyo wadudu na ukungu wa kijani vinaingia ndani ya matundu na huvitoi tena. Tundu la skrubu lizidi skrubu, kwa sababu hii kitu inatanuka, shiti ya mita 6 ikipata tofauti ya joto ya digrii 40 inarefuka karibu sentimita moja na nusu. Ukiibana inalia usiku kaa-kaa-kaa, wageni wanadhani kuna mtu juu ya paa.

Mimi changu niliweka bati la msauzi geji 28 (kumbuka 28 ni nene kuliko 30, wauzaji wengine wanakuchanganya hapo makusudi), chini yake foili, halafu nafasi ya hewa, halafu dari ya gipsamu. Hiyo nafasi usiiruke, foili ikigusana na bati na dari imebanwa pamoja haifanyi kazi yake, unakuwa umenunua urembo. Upande wa ukutani nikaacha ukanda wa polikaboneti kama nusu mita upana, mwanga unashuka ukutani, chumba hakiwi giza na jikoni kwetu ambako dirisha lilikuwa linaangalia kibarazani napo kunaona. Mvua ya masika ikipiga tunaongea kawaida. Gata usisahau, paa la mita mraba 12 likipata mvua ya milimita 50 ni lita 600, peleka kwenye simtanki badala ya kuyaacha yamwagike mlangoni. Kama mna mjakaranda karibu safisha gata yale maua ya Oktoba na Novemba yakishaanguka, kabla vuli haijakolea.

Haya sasa milango, maana hapa ndio raha ilipo. Meru iko kaskazini ya Njiro, kwa hiyo mlango ukiangalia mlima unaangalia kaskazini, na hiyo bahati watu wengi hawaijui. Jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini kuanzia kama Machi katikati mpaka mwisho wa Septemba, yaani ile Juni Julai baridi yetu inapouma, likitoka linakuingilia kidogo miguuni vizuri kabisa. Desemba mpaka Februari joto likipanda limehamia kusini, upande wa pili wa nyumba. Mlango ukiangalia magharibi ni habari nyingine, jua la saa kumi linaingia mpaka kwenye kochi, pazia zito litakuhusu.

Kukunja au kuslaidi? Ya kuslaidi ni rahisi na imara zaidi kwa hela hiyo hiyo, ila ya panga mbili (yaani vipande viwili vya mlango) inakufungulia nusu tu. Ya kukunja inafungua karibu yote. Kwa uwazi wako wa kama mita 4 chukua panga 5 za sentimita 80, namba witiri inakuachia panga moja iwe mlango wa kila siku, sio kila ukienda kuanika nguo ukunje mlango mzima. Zikunjwe nje, upepo wa mvua unazibana kwenye raba badala ya kuzifungua, na ndani hazikuli nafasi.

Uzito wake ubebwe wapi, hapo mafundi watakubishia. Panga moja ya 80 kwa mita 2.2 yenye kioo cha milimita 6 ni kama kilo 26 za kioo peke yake. Kuna reli za kuning'iniza juu, zinapendeza na reli ya chini haijai mchanga, lakini linta zetu nyingi (ile boriti ya zege juu ya mlango) zilimwagwa kwa mazoea, ikipinda hata kidogo milango inakwama. Mimi nilichagua magurudumu chini, vumbi la kiangazi nalipiga brashi, yameisha. Ila kama udongo wenu ni ule mweusi unaopasuka jua likizidi, shughulikia msingi na sakafu kwanza, kwa sababu sakafu ikitembea hakuna reli itakayokuokoa.

Reli ya chini ina vitundu vya kutoa maji, kaa na fundi mpaka amalize kwa sababu kuna wanaovipiga silikoni au simenti wakidhani wanakusaidia kuziba. Sakafu ya nje ishuke sentimita mbili tatu chini ya reli.

Usalama: ukiweka grili la kudumu umeua maana yote ya mlango wa kukunja. Chukua grili la kukunja la ndani kama ya madukani, au kioo cha lamineti na kufuli linalofunga juu, kati na chini, na hakikisha pini za bawaba hazichomoleki kwa nje. Nyavu za mbu ni zile za kuvuta pembeni, ulizia mapema maana zinataka nafasi kwenye fremu.

Kwa hiyo ukianza, paa na gata kwanza, halafu sakafu na vigae, plasta, ndipo fundi alumini aje kupima. Akipima kabla ya vigae atakukatia milango inayokwangua chini. Kuhusu kibali ulizia Jiji kabla hujanyanyua paa, ukuta ukiuongeza ni ujenzi. Weka picha ya linta na hizo nguzo tuone, na upime kutoka shina la mparachichi mpaka ukutani.