Umepangiwa Gulu, Kabale au Kalangala? Soma kabla ya kufunga begi

Barua ya kupangiwa kituo Uganda ikishatoka, wageni wengi huuliza swali moja tu: ni mbali kiasi gani na Kampala? Si swali baya, ila halisaidii kufunga begi. Gulu iko kilomita kama 330 kutoka Kampala, Kabale kama 400, na kwenye ramani safari hizo mbili zinafanana. Aliyefungasha nguo za Gulu akashuka Kabale saa tatu usiku ataijua tofauti kabla hajavuka barabara. Uliza mambo matatu: mji uko juu kiasi gani, mvua hunyesha miezi ipi, na sokoni wanazungumza nini.

Mvua kwanza. Kusini, yaani Buganda, Busoga na Ankole, misimu ni miwili: Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba au mwanzo wa Desemba. Kaskazini, kwa Waacholi, Walango na West Nile, ni msimu mmoja mrefu, Aprili hadi Oktoba au Novemba, halafu kiangazi kikali hadi Machi. Ukifika Lira Januari ukakuta vumbi na nyasi zilizoungua, usidhani umetupwa jangwani; Agosti utaomba jua. Karamoja ni habari nyingine: mvua chache, hazitabiriki, na mito ambayo asubuhi ni mchanga mtupu na jioni inazuia lori. Ukipangiwa Kotido au Kaabong, usiahidi mtu kwamba utarudi siku ileile. Weka siku moja ya akiba.

Kuhusu nyumba, tuanze na Kampala maana ndiko wengi hupita. Mji umejengwa juu ya vilima, na mabondeni kulikuwa na vinamasi. Ndiyo maana kodi hupanda kadiri unavyopanda kilima. Bwaise, Kalerwe na sehemu za Nateete huingia maji. Dalali atakupeleka kukagua saa nne asubuhi, siku ya jua, chumba kimepakwa rangi mpya. Nenda, kisha rudi peke yako mvua kubwa ikishanyesha. Tazama ukuta wa nje: mstari wa matope kwa urefu wa goti ndio alama ya maji yalipofika mara ya mwisho. Tazama na kizingiti. Ikiwa mlangoni pamejengwa matofali mawili matatu ambayo lazima uyaruke ndipo uingie, hayakuwekwa kwa urembo. Nyanyua godoro la jirani kwa macho tu: kama kitanda chake kimepandishwa juu ya matofali, umeshapata jibu.

Chumba kimoja cha kupanga, vile vinavyojengwa kwa safu chini ya paa moja, Waganda hukiita muzigo. Neno hilohilo ni siagi au mafuta ya kupikia, kwa hiyo usishangae. Ukiona vyumba kumi vya muzigo kwenye uwanja mmoja, uliza mita za umeme ni ngapi. Umeme wa majumbani ni wa kulipia kabla, watu huuita Yaka: unalipa kwa simu kwa namba ya mita, unapokea tarakimu 20, unaziingiza. Penye mita moja kwa wapangaji wote, ugomvi hauishi, kwa sababu kila mwezi uniti 15 za kwanza ndizo za bei nafuu, na kwa wapangaji wengi zinaisha upesi. Penye mita yako mwenyewe, nunua umeme kidogo kabla ya kulipa kodi. Kama mpangaji aliyehama aliacha deni, sehemu ya hela yako itakatwa hapohapo, na bora ulijue ukiwa bado na sauti mbele ya mwenye nyumba.

Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa maandishi kodi ikifika shilingi 500,000, na hairuhusu kodi ipandishwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Chumba chako kikiwa cha chini ya hapo, dai angalau risiti yenye sahihi kila mwezi. Kisha, siku ya kwanza au ya pili, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, kiongozi wa kijiji au mtaa. Beba nakala ya pasipoti au kitambulisho, picha ndogo mbili, na barua ya kazi au ya chuo. Barua yake ya utambulisho itadaiwa benki na polisi, na siku ukipata shida usiku yeye ndiye wa kwanza kuulizwa: huyu mtu mnamjua?

Gulu, Lira, Arua na Soroti, hofu si mafuriko bali bati. Nyumba ya bati isiyo na dari, Januari na Februari, kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja jioni haikaliki. Tafuta yenye dari, au madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite, au mti wa mwembe upande wa magharibi. Huko ndiko malaria imekaza, kwa hiyo chandarua kiwe kimetundikwa usiku wa kwanza, si baada ya mshahara wa kwanza.

Kabale na Kisoro geuza kila kitu. Miji hiyo iko kwenye urefu wa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku baridi hushuka hadi nyuzi kumi hivi, na ukungu wa asubuhi unaweza kukaa hadi saa tatu. Jaketi nzito nunua Kampala, soko la Owino, kwenye mivumba, ambayo ndiyo mitumba yenu. Nguo zilizofuliwa jioni hazikauki. Fua asubuhi mapema, anika ukungu ukiondoka. Na maharage! Kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100, kwa hiyo yanatokota vizuri kabisa huku maharage yakibaki magumu. Mgeni huongeza makaa, na makaa hayaongezi chochote zaidi ya gharama. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, na funika sufuria kwa kifuniko kizito. Sufuria ya presha ikipatikana, inajilipia yenyewe.

Jambo moja lisemwe bila kuzunguka. Usiingize sigiri yenye makaa chumbani ili kupasha joto kisha ukafunga mlango na dirisha. Makaa yanayowaka penye hewa kidogo hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Mtu huhisi usingizi tu, na haamki. Nunua blanketi la pili.

Maji pia yana tabia zake. Kisoro mvua ni nyingi, lakini ardhi yake ni ya volkano, imejaa matundu. Maji huzama moja kwa moja na vijito ni vichache. Nyumba yenye tangi la kuvuna maji ya paa ina thamani kuliko yenye bafu la vigae. Mbarara kwa miaka mingi imetegemea mto Rwizi, na kiangazi mto ukipungua mabomba nayo huweza kunyamaza. Popote utakapokuwa, jerikeni nne za lita 20 zikae zimejaa. Mtu mmoja akipika, akioga na kufua kwa uangalifu, atasukuma siku mbili tatu.

Sasa lugha, ambako wasemaji wa Kiswahili hujikwaa kwa kujiamini mno. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa katiba tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo ni ya kwenye karatasi. Buganda, hasa kwa wazee, Kiswahili bado kinanukia kambi ya jeshi na enzi za Amin, aliyekitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Ukimwendea bibi wa duka Masaka na kuanza, “Mama, naomba sukari,” huenda akakunja uso bila wewe kujua kosa lako. Anza hivi: “Wasuze otya, nnyabo?” ikiwa asubuhi, au “Osiibye otya?” jioni. Ngoja ajibu, na yeye akuulize, nawe ujibu. Hapo hata ukiendelea kwa Kiswahili kibovu atakusaidia. Mwanamume ni ssebo. Shikamoo yenu haijulikani. Ukimwamkia mzee hivyo atakuuliza unataka nini.

Ukivuka kwenda Arua, Busia, Malaba au miji ya Karamoja, mambo hulegea, kwa sababu ya mipaka, biashara na jeshi. Sokoni Arua utasikia Kilugbara, Kinubi, Lingala na Kiswahili kwenye meza moja ya samaki. Ila usitegemee upatanisho wa ngeli. “Kitu yako iko wapi” ni Kiswahili kamili huko, na anayesahihisha wauzaji hula bei ya mgeni. Mbarara salamu ni “Agandi?” na jibu “Ni marungi.” Gulu, “Kop ango?” unajibu “Kop pe.” Teso ni “Yoga.” Fort Portal na Hoima watakuuliza empaako yako, jina la heshima na upendo kama Akiiki, Abwooli, Adyeri au Amooti. Huna? Waombe wakupe, usijipe. Ukishapewa, litumie, huko kumwita mtu bila empaako yake ni ukavu.

Maneno machache ya kukuokoa hela na aibu. Taksi hapa ni daladala au matatu, ile nyeupe ya abiria 14. Gari la kukodi peke yako huitwa special, na ukisema “teksi” kwa mtu wa bodaboda atakupeleka stendi. Posho ni ugali. Bongo ni maziwa ya mgando, kwa hiyo mtu wa Ankole akikukaribisha bongo hazungumzii Dar es Salaam. Saa, kwa bahati nzuri, Waganda huzihesabu kama ninyi: ssaawa bbiri ni saa mbili.

Kwenye kibanda cha chakula utaulizwa unataka mchuzi gani, si chakula gani, kwa sababu bei hufuata mchuzi. Nyama ni bei ya nyama, maharage ni bei ya maharage, na juu ya hapo unawekewa matooke (ndizi za kupika), posho, wali, kiazi na boga, vyote au unachopenda. Mgeni anayeagiza “wali tu” hulipa karibu sawa na anayeshiba. Gulu tafuta malakwang, mboga chachu iliyopikwa na odii, yaani siagi ya ufuta na karanga, ukila na viazi vitamu. Mbale ni malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Ya kupika mwenyewe mwaka wa kwanza acha. Yasipochemshwa sawasawa ni machungu.

Safari za kwenda vituoni panda basi la alfajiri, kwa usalama wa barabara na ili ufike mchana ukiona unakoshuka. Kati ya Desemba 20 na 24 nauli hupanda sana, hivyo kata tiketi mapema au safiri tarehe 18. Kwenye barabara ya Masaka mabasi husimama Lukaya dakika chache, wauzaji wakinyanyua kuku na gonja, yaani ndizi za kuchoma, kwenye vijiti hadi dirishani. Shika hela ndogo mkononi, pokea chakula kwanza ndipo ulipe, maana dereva haagi. Karuma, penye daraja la Nile njia ya Gulu, usiwape nyani chochote. Dirisha lililoachwa wazi ni mwaliko.

Waliopangiwa Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese ndani ya Ziwa Victoria, wana njia mbili: meli kutoka Nakiwogo, Entebbe, ya mwendo wa saa tatu na nusu hivi, au barabara hadi Masaka, kisha kivuko cha Bukakata kwenda Luku, ambacho ni bure. Cha bure ndicho chenye foleni, magari na watu. Ukifika, usioge wala kufulia ufukweni penye majani na konokono, kwa ajili ya kichocho. Na ulizia kivuko cha mwisho cha siku ukiwa bado Masaka, kwa sababu Bukakata pa kulala ni pachache.