Hesabu za Gredi ya 4 hadi ya 6: michezo ambayo watoto wangu wa tuisheni hawataki iishe

Kila likizo ikikaribia wazazi hunitumia meseji kuuliza kitu kimoja, ticha ninunue kitabu gani cha mazoezi ya hesabu, na jibu langu huwa lile lile, kitabu unacho tayari, kile cha shule chatosha kabisa. Kinachokosekana ni mtoto kuwa na haja na lile jibu. Manake akifanya hesabu arobaini za kuzidisha kwenye karatasi hakuna hata moja ambayo jibu lake analihitaji kwa lolote, anaandika, anawekewa tiki, anageuza ukurasa, kesho kutwa ukimuuliza 7 mara 8 anaangalia dari.

Mi nafunza jioni barazani kwetu hapa Kisauni, Mombasa, watoto wa miaka tisa mpaka kumi na mbili hivi, na nakwambia huu ndio umri ambao hesabu hugeuka. Huko chini mtoto anahesabu vitu anavyoviona, vijiti, vidole, machungwa. Akiingia Gredi ya 4 zaja sehemu, desimali, kugawanya kwenye mabaki, na wakati huo huo masomo shuleni yanakuwa kwa Kiingereza, kwa hivyo anabeba mizigo miwili kwa mpigo. Hapo ndipo utaanza kusikia "mi hesabu siwezi". Na mbele kuna ule mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, ulioanza 2022, maswali ni ya kuchagua jibu, basi wazazi wanakimbilia kununua karatasi za mitihani ya zamani kwa fungu na mtoto anajifunza kubahatisha herufi. Inaniuma sana hiyo.

Sasa michezo. Iko mingi, ukitafuta utapata mpaka uchoke, lakini mingi haifai na kuijua isiyofaa ni rahisi. Jiulize, nikiitoa hesabu, mchezo utaendelea? Kama ule wa "jibu swali ndio urushe mpira", toa swali, mpira bado warushwa na utamu uko pale pale, yaani hesabu imekuwa kama faini mtoto anayolipa ndio aruhusiwe kucheza. Mchezo mzuri ni ule ambao kufikiria hesabu ndio kucheza kwenyewe, ukifikiri vizuri unashinda, ukibahatisha unaliwa.

Wa kwanza ninaowapa karibu wote ni huu. Andika 1 mpaka 30 kwenye karatasi au chora kwa chaki sakafuni, wachezaji wawili. Mmoja achague nambari, tuseme 12, anapata pointi 12 na nambari inafutwa. Mwenzake anachukua nambari zote zinazoigawa ile 12 bila kubakisha kitu, yaani 1, 2, 3, 4 na 6, anazijumlisha zinakuwa pointi zake, zinafutwa pia. Halafu zamu inageuka. Ukichagua nambari ambayo hakuna cha kuigawa kilichobaki ubaoni, hupati kitu na zamu imekupita.

Mara ya kwanza mtoto anaichukua 30 huku anacheka, si ndio kubwa kuliko zote. Mwenzake anaanza kuokota, 1, 2, 3, 5, 6, 10, 15, anajumlisha polepole, inatoka 42. Uso wa yule aliyechukua 30 hapo ni wa kuuona! Mchezo wa pili hutamwona tena akiikimbilia 30, atakaa aangalie, ajaribu 28 aone nayo yatoa 28 kwa 28, ajaribu 24 aone ni hasara tena, mpaka siku moja mmoja wao anagundua 29 ambayo yampa mwenzake 1 peke yake. Na 1 ikishaondoka, 23 haifai kitu tena, lakini 25 ni mali, yampa mwenzako 5 basi. Hapo hujamwambia mtoto lolote kuhusu nambari tasa (zile zinazogawika kwa 1 na kwa zenyewe tu), ameitafuta mwenyewe kwa sababu anataka kushinda, na hiyo haimtoki. Mi huwaachia wiki nzima mchezo huu huu mmoja kabla sijaleta mwengine, nawe usiwe na haraka ya kubadilisha.

Kufunza sehemu natumia kadi. Kuna nyumba hawataki karata na sibishani na mtu juu ya hilo, kata boksi la biskuti vipande sawa uandike 1 mpaka 9 kwa kalamu nene, seti nne, tayari. Kila mchezaji anavuta kadi mbili, ndogo inakaa juu na kubwa inakaa chini, mwenye sehemu kubwa anachukua zote nne. Sheria yangu ni moja, marufuku kuanza na kutafuta namba ya chini ya pamoja, kwanza linganisha na nusu. 3/7 na 5/9 ni ipi kubwa? Nusu ya 7 ni tatu na nusu, kwa hivyo 3/7 haijafika nusu, nusu ya 9 ni nne na nusu, 5/9 imeshapita, kwisha kazi. Zikija 7/8 na 8/9 ndio patamu, zote zimepita nusu, sasa wanaanza kubishana, na mmoja akisema "hii imebakisha moja ya nane ndio ijae, ile imebakisha moja ya tisa, na moja ya tisa ni ndogo, kwa hivyo 8/9 imekaribia zaidi", wallahi mi huwa nasimama. Huyo mtoto ashazielewa sehemu, hata akiandikiwa kwa lugha gani.

Na hapo niseme hili, waache waeleze kwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza sawa, hayo maneno wataingiza, lakini fikra iache itembee kwa lugha ambayo mtoto anagombana nayo na kaka yake nyumbani. Swali langu kubwa barazani ni "umejuaje?", na naliuliza jibu likiwa sawa na likiwa si sawa, kwa sababu ukiuliza wakati wa makosa tu watoto wanajua mara moja kwamba swali lenyewe ndio alama ya kosa.

Wale wanaosoma madrasa wana hazina ya sehemu ambayo walimu wengi hatuigusi. Juzuu 30, kila juzuu hizbu mbili, kila hizbu robo nne. Haya, umehifadhi juzuu tatu, hiyo ni sehemu gani ya msahafu? Moja ya kumi. Robo moja ni sehemu gani ya juzuu? Moja ya nane. Zote ni robo ngapi? 240. Wanajibu vizuri mno manake ni kitu wanachokihesabu kila siku wakiulizana nani amefika wapi.

Lakini kama nitaambiwa nibakishe zoezi moja tu nitabakisha harusi. Tunapanga harusi ya kujifanya, wageni 132, na kila kundi linapewa kazi. Sinia moja la pilau linakaliwa na watu watano. Kilo ya mchele tunakadiria watu wanane. Sambusa zimekaangwa 300. Wageni wote watoke Kisauni waende ukumbini na magari ya matatu ya watu 14. Sasa wagawanye.

Kundi la masinia wanapata 26 baki 2, wanaandika hivyo hivyo wanaleta. Nikawauliza na hao wawili wale wapi? Kimya. Msichana mmoja wa Gredi ya 5 akasema masinia ni 27, hata kama la mwisho lina watu wawili, "hatuwezi kuwaambia warudi kwao". Kundi la mchele nao wamepata 16 baki 4, na hawa baada ya kusikia ya masinia wakataka kusema 17, mvulana mmoja akakataa, akasema mchele si sinia, mchele wakatika, wanne ni nusu ya wanane kwa hivyo ni kilo 16 na nusu. Kundi la sambusa, mbili kwa kila mgeni na zinabaki 36, sasa wakaanza kuuliza tuzikate vipande? Wakaamua la, kila mtu mbili, zilizobaki ni za wapishi. Na kundi la matatu, 9 baki 6, hao ndio waliogombana mpaka adhana ya magharibi, wengine wanasema matatu ya kumi, wengine wanasema watu sita ni tuktuk mbili, watatu watatu, na nauli ni nafuu zaidi, ikabidi watafute nauli za kweli kesho yake wakaulize stejini.

Angalia, nambari ni ile ile 132, na kugawanya ni kule kule, lakini baki mara yapanda juu, mara yawa nusu, mara yaachwa, mara yawa mjadala. Kwenye karatasi baki ni nambari ndogo unayoandika mwisho wa jibu. Hii ndio sehemu ya mtihani inayowaangusha watoto wengi ninaowaona, wanajua kugawanya vizuri kabisa ila hawajui jibu lasema nini.

Mingine kwa ufupi. Dadu moja, kila mtoto achore visanduku vinne, kila dadu ikirushwa aamue nambari ataiweka wapi bila kuibadilisha, mwenye nambari kubwa mwisho ameshinda. Ukitaka desimali weka nukta katikati. Wakiwa wengi na wamechoka kukaa, simama mduara mhesabu, kwenye nambari za 4 mtu apige makofi, za 6 aruke, zikigongana (12, 24, 36) afanye vyote viwili, na ghafla waona wanajua zitagongana wapi kabla hazijafika. Kwa umbo na mzingo chukua leso na tepu ya fundi, pimeni pindo lote kuzunguka, halafu mji wake, ile sehemu ya katikati, eneo lake ni ngapi, halafu mkunje mtafute mistari inayogawa ua sawa kwa sawa. Na kama kuna babu karibu mwenye bao, usimwache. Bao lina mashimo 32 na kete 64, watoto huanza na mbili mbili kila shimo, na kule kukadiria kete za mkononi zitaishia shimo gani ni hesabu tupu ya akilini.

Kitu ambacho sifanyi ni kupimana kwa saa. Najua wengi wanapenda, nani amemaliza kwanza, lakini watoto wanaoshinda huwa ni wale wale wawili kila siku, na wengine wanajifunza kwamba hesabu ni mbio na wao si wakimbiaji. Aliye mzito mara nyingi ndiye anayefikiri zaidi. Kama wataka ushindani basi wape jozi jozi, wajibu kwa pamoja, na pointi apewe anayeeleza.

Mwenye mtoto mmoja nyumbani asione haya yote ni ya darasani. Dakika ishirini baada ya chai ya jioni, simu kando (yako pia mzazi), ule mchezo wa 1 mpaka 30, kaeni mkekani mcheze. Usimwachie ashinde, watoto wa umri huu wanajua ukiwaachia. Cheza kweli, fikiri kwa sauti akusikie, "1 ishaondoka, nikichukua 18 atanichukulia 9 na 6 na 3 na 2, hiyo ni 20, ah hapana", na akikushinda muulize amejuaje.