Upepo wa matairi kwa mzunguko wa lami na vijia vya msituni

SWALI: Nina baiskeli ya changarawe yenye matairi ya upana wa milimita 40 na tyubu ndani, nami nina uzito wa kilo 78. Mzunguko ninaouendesha una kilomita 42, ambapo 25 ni njia ya baiskeli ya lami na zilizosalia ni vijia vya msituni vyenye kokoto na mizizi. Nilipojaza upepo wa paundi 60 kwa inchi ya mraba, baiskeli ilirukaruka vijiani hadi mikono ikafa ganzi. Nilipopunguza hadi 25, tyubu ya nyuma ilipasuka na kuonyesha matundu mawili yaliyokaa sambamba. Nijaze kiasi gani, na je, nitangulize lami au msitu?

JIBU: Naanza na hayo matundu mawili, kwa kuwa yanaeleza mengi kuliko yote uliyoandika. Mwiba au msumari hutoboa tundu moja, ilhali matundu mawili yanayokaribiana ni alama ya tairi lililobonyea mpaka tyubu ikabanwa kati ya kingo za rimu na jiwe au mzizi. Tairi lenyewe halina kosa, na hata ukinunua tyubu nene zaidi utarudi palepale ukiendelea na paundi 25. Kabla ya kupanda tena, livue tairi hilo na upitishe kidole taratibu kwenye ukingo wote wa rimu, kwa sababu pigo lililopasua tyubu huenda pia limepinda ukingo huo au, ikiwa rimu ni ya kaboni, limeacha ufa.

Paundi 60, kwa upande wake, ni mazoea ya baiskeli za mbio zenye matairi membamba. Kadiri tairi linavyokuwa pana ndivyo linavyohitaji upepo mdogo kubeba uzito uleule. Juu ya lami laini ni kweli kwamba tairi gumu hupoteza nguvu kidogo, kwa kuwa mpira wake haukunjwi sana linapozunguka. Lakini juu ya kokoto tairi lisilobonyea hulazimika kunyanyuka kwa kila jiwe, likinyanyua pamoja nalo baiskeli na mwili wako, hivyo nguvu ya miguu ambayo ingekusogeza mbele huishia katika kutikisa misuli. Ganzi uliyoipata ndiyo nguvu hiyo iliyopotea.

Kwa hiyo anza na paundi 38 kwa inchi ya mraba nyuma, sawa na baa 2.6, na paundi 35 mbele, yaani baa 2.4. Nyuma panahitaji zaidi kwa sababu gurudumu hilo hubeba zaidi ya nusu ya uzito wako. Ukisikia rimu ikigonga hata mara moja, ongeza paundi 2. Ukiona gurudumu la mbele linadundadunda badala ya kushika njia kwenye kona, punguza 2. Pima kwa geji ileile kila siku, kwani geji za pampu nyingi hazikubaliani, na usizidishe kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi au kwenye rimu, ukifuata kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kiasi hicho kitakutosha mzunguko mzima. Kilomita 25 za lami zitakugharimu muda kidogo tu, nami sioni sababu ya kusimama njiani ukihangaika na pampu ya mkono.

Kuhusu mwelekeo, ningetazama mteremko kabla ya kuhesabu kilomita. Ikiwa kijia kina mahali penye mwinuko mkali na kokoto zisizoshikana, zunguka kwa upande utakaokufanya upapande badala ya kupashuka. Gurudumu la nyuma likiteleza ukiwa unapanda, utaweka mguu chini na mambo yataishia hapo, ila gurudumu la mbele likiteleza ukiwa unashuka huku umeshika breki, utaanguka. Ikiwa vijia ni tambarare, tanguliza msitu wakati miguu na macho bado havijachoka. Baada ya mvua kubwa viache vijia vikauke kwanza, kwa maana matairi huchimba mifereji katika udongo laini, na mifereji hiyo ikikauka huwasumbua wote wanaopita baadaye.

Iwapo rimu na matairi yako vinaruhusu kuendeshwa bila tyubu, badilisha ukiweza. Hakutakuwa tena na tyubu ya kubanwa, nawe utaweza kushuka paundi 4 hivi chini ya viwango nilivyotaja, ingawa rimu bado inaweza kugonga jiwe. Maji ya kuziba matundu, yanayotiwa ndani ya tairi lisilo na tyubu, hukauka baada ya miezi michache, hivyo yakague na kuyaongeza, na bado ubebe tyubu moja mkobani, kwa sababu maji hayo hayazibi tairi lililochanika ubavuni.