Kwa dada aliyeniuliza kuhusu mpira wa puani

Jumanne usiku niliandikiwa na dada mmoja wa Tanga. Mama yake ana miaka 84, hamtambui mtu, na wiki ya pili sasa chakula hakipiti. Amelazwa. Daktari ametaja mpira wa kulishia kupitia puani, kaka zake wamekubali, yeye moyo unasita. "Kaka, wewe kwa mama yako ulifanyaje?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, ikafika saa nane usiku bado naandika. Nimeona niyaweke hapa, maana anayeuliza hivi hayuko peke yake.

Mimi ni kitinda mimba wa kiume. Kwetu Machame maana yake inajulikana: nyumba ya wazazi inabaki kwangu, na wazazi nao wanabaki kwangu. Kaka zangu wako Dar es Salaam, dada yuko Marekani. Mwaka 2014 mama alipotea akitoka kanisani Jumapili, kwenye njia aliyoipita tangu alipoolewa. Tukasema uzee. Wengine walinong'ona kuna mkono wa mtu. Tukapoteza miaka mitatu hivyo hivyo, na wakati huo watafiti walikuwa wameshapita vijiji vya wilaya yetu ya Hai na kukuta kwamba katika kila wazee 100 wa miaka 70 na kuendelea, 6 hivi wana demensia, ugonjwa wa ubongo unaomfuta mtu kumbukumbu na akili kidogo kidogo. Ugonjwa ulikuwa unajulikana jirani kabisa na kwetu. Sisi ndio hatukuuliza.

Kilichonivunja hakikuwa kupotea. Asubuhi moja nilimpelekea chai, akaweka mikono magotini kama msichana mdogo, akaniambia: "Shikamoo, baba." Aliniona mimi ni marehemu babu. Nikamkatalia. Nikamwambia mama, ni mimi mwanao, shikamoo wewe. Akaogopa, akalia, chai ikamwagika. Niliendelea kumsahihisha hivyo kwa miezi, kila siku nikimliza, kwa sababu ulimi wangu ulikataa kupokea shikamoo ya mama yangu mzazi. Siku nilipoweza kusema "marahaba, mwanangu, umeamkaje," alitabasamu na kumaliza kikombe chote.

Miaka ya katikati naipita. Pampasi, usiku wa kutolala, mlango wa kufungwa kwa kufuli. Niseme hili tu: mtoto wa kiume anaweza kumwogesha mama yake. Nilianza kwa kumfunika khanga na kuingiza kitambaa chini yake bila kuangalia. Mke wangu alisaidia sana, lakini mama alikuwa wangu.

Mwishoni mwa 2021 alianza kupaliwa hata na maji. Chakula kikaingia kwenye mapafu, akapata nimonia, tukamkimbiza hospitali. Wakamtibu, wakamwekea mpira. Akauchomoa. Wakaurudisha, akauchomoa tena. Asubuhi ya tatu nilifika wodini nikamkuta amefungwa mikono yote miwili kwenye vyuma vya kitanda kwa bandeji. Viganja vimevimba, na alama ya bandeji imeingia kwenye ngozi. Mama aliyelima kahawa na kusomesha watoto wanne, amefungwa ili alishwe.

Nilimwita daktari, kijana wa umri wa mwanangu, na namshukuru mpaka leo kwa sababu hakunizungusha. Alisema demensia yenyewe ni ugonjwa unaoua, na kushindwa kumeza ni sehemu ya mwisho wake. Kwa mtu aliyefika hapo, alisema, mpira hauzuii nimonia, kwa sababu mate yake na yanayopanda kutoka tumboni bado yanaingia kwenye mapafu. Haumrefushii maisha, na unamwongezea vidonda vya kitandani. Akaniambia hata chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kinashauri mgonjwa wa namna hii alishwe kwa mkono, taratibu, kadiri anavyotaka mwenyewe. Nilipomuuliza angemfanyia nini mama yake, alisema angempeleka nyumbani.

Nikampigia kaka mkubwa. Alisema: "Ukimtoa hospitali, wewe ndiye umemuua." Nikasaini, nikamtoa. Maneno hayo aliyarudia msibani mbele ya wajomba, na mpaka leo hatujakaa meza moja. Yananiuma ninapoandika. Lakini mama aliishi nyumbani wiki 11, na ngozi yake haikupasuka hata sehemu moja. Hilo nalisema kwa kifua mbele.

Tulimlisha mtori uliosagwa ukawa laini kabisa, bila kipande cha nyama wala nyuzi. Unamkalisha wima, kidevu kimeinama kidogo, unatumia kijiko cha chai na hukijazi. Unaweka, unangoja. Unaangalia koo lipande na kushuka ndipo uweke kingine. Siku nyingine vijiko 20, siku nyingine vitatu, na akifumba mdomo unaacha. Hapo ndipo ndugu wengi wanashindwa, wanaona kuacha ni kumnyima. Mwili unaofunga safari hauombi chakula kama wetu. Midomo unailowesha kwa kitambaa safi chenye maji, na hiyo nayo ni huduma.

Kila Alhamisi alikuja muuguzi wa tiba shufaa kutoka hospitali ya misheni. Neno hilo nilikuwa silijui. Ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mahangaiko pale ugonjwa usipopona tena, na nyumbani inafika. Alitufundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili, kusoma maumivu usoni kwa mtu asiyeweza kusema, na alimletea mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, pumzi ilipoanza kumsumbua. Watu wanaogopa mofini. Mama alilala kwa utulivu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Kaka alitaja pia makazi ya wazee. Ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, ni kwa wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Mama alikuwa na watoto wanne hai. Kama mna uwezo, mwekeni muuguzi wa kulipwa nyumbani, si aibu.

Ndugu zangu, kaeni kikao. Kaeni mapema, mama akiwa bado anaweza kusema anataka kufia wapi na nani amsemee. Sisi hatukukaa, ndiyo maana tunagombana na marehemu ameshazikwa. Na ninyi mnaotuma pesa kwa simu kutoka mbali, mnafanya vema, tumeni, lakini njooni mkae wiki moja, mmgeuze usiku kwa mikono yenu, ndipo mtoe amri. Huwezi kumwamulia mtu ambaye hujui uzito wa mguu wake. Kaeni kikao, nasema tena.

Dada wa Tanga, siwezi kukuamulia. Muulize daktari kwanza kama kutomeza huku kumeletwa na kitu kinachotibika, kiharusi cha karibuni, dawa inayomlaza sana, au vidonda vya mdomoni. Kama ndivyo, mpira wa muda unaweza kufaa. Kama ni demensia imefika mwisho, uliza mpira huo unakusudiwa kumfanyia nini hasa, na utaondolewa lini. Uliza kama hospitali hiyo ina tiba shufaa. Waite kaka zako wasikie majibu kwa masikio yao, wasisimuliwe na wewe.

Na kesho ukienda, beba kijiko cha chai. Vile vya wodini ni vikubwa mno.